Tabibu wa Siku ya Ijumaa: Kuuwahi Moyo katika Historia ya Tiba na Fiqhi

Ahmad bin Tulun, aliyeitawala Misri hadi kufa kwake mwaka 270 Hijria (884 Miladia), alimaliza kuujenga msikiti wake mwaka 265 (879). Wengi wanaousoma msikiti ule husimama kwenye mnara wake wenye ngazi ya kuzunguka kwa nje, wakausifu, wakaishia hapo. Lakini al-Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 845 (1442), ametaja katika kitabu chake cha al-Khitat jambo ambalo kwetu sisi ni kubwa kuliko mnara. Amesema kuwa nyuma ya msikiti paliwekwa mahali pa kutawadhia, na pamoja napo pakawekwa hazina ya vinywaji vya tiba na dawa, ikawa na wahudumu wake, na kila siku ya Ijumaa akaketi hapo tabibu, ili mmoja wa wenye kuhudhuria Swala akifikwa na tukio lolote apate wa kumshughulikia.

Ndugu msomaji, litazame jambo hili vizuri. Ibn Tulun alikuwa tayari amekwisha jenga bimaristani, yaani hospitali, katika mji huo huo, kiasi cha miaka saba kabla. Kama kusudio lilikuwa ni wagonjwa kupata tiba tu, hospitali ilikuwapo. Basi kwa nini tabibu aketi msikitini? Jibu ni kwamba aliyeweka utaratibu ule alifahamu kuwa kuna maradhi yasiyongoja. Mkusanyiko ni mkubwa, joto ni kali, wazee ni wengi, na mtu akianguka katikati ya safu, hospitali iliyo upande wa pili wa mji ni mbali hata kama ni karibu.

Leo misikiti yetu ina mazulia, feni na vipaza sauti, na mingine ina viyoyozi. Hatulaumu hayo. Ila ulizeni katika misikiti kumi mnayoijua: ni mingapi ambayo mtu akishika kifua chake na kuanguka wakati wa khutba, yupo mmoja anayejua la kufanya? Mara nyingi tulichokiona ni kelele, maji ya kunyunyizwa usoni, watu kujazana hadi hewa ikapungua, na mmoja anatumwa kumtafuta shekhe aje asome. Hili ndilo lililotufanya tuandike, na tutalifuata tangu zama za Masahaba.

Imam Abu Dawud (aliyefariki 275/889) amepokea katika Sunan zake, katika mlango wa tiba, kwamba Sa'd (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akaja kumzuru. Akauweka mkono wake mtukufu katikati ya kifua chake mpaka Sa'd akahisi ubaridi wake moyoni. Kisha akamweleza kuwa yeye ni mtu aliyepatwa na maradhi ya moyo, akamwelekeza aende kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa huyo ni mtu anayeshughulika na tiba. Tena zikatajwa tende saba za ajwa za Madina, zipondwe pamoja na kokwa zake na anyweshwe.

Riwaya hii wajuzi wa hadithi wameisemea sanadi yake. Inapokewa na Mujahid kutoka kwa Sa'd, na wapo maimamu wa fani hiyo walioona kuwa Mujahid hakusikia kwa Sa'd moja kwa moja. Kwa hiyo hatuijengei hukumu peke yake. Asili ya kujitibu imesimama juu ya dalili nyingine zilizo na nguvu zaidi, kama hadithi ya Usama bin Sharik (r.a.) kuhusu Mabedui waliomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu na akawafahamisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Lakini maulamaa wameendelea kuitaja habari ya Sa'd katika vitabu vya tiba ya Mtume, na inastahiki kutajwa. Mkono uliowekwa kifuani pale ulikuwa ni mkono wenye baraka kuliko mikono yote. Hata hivyo mwenye mkono huo hakusema yatosha. Ameitambua sehemu iliyoumia, akautaja ugonjwa kwa jina lake, akampeleka mgonjwa kwa mwenye fani. Na mwenye fani huyo, al-Harith, baadhi ya walioandika tarajimu za Masahaba wamesema Uislamu wake haukuthibiti, na wakatoa humo ruhusa ya kumwendea tabibu asiye Muislamu ikiwa ni mjuzi. Wale wanaochelewesha mgonjwa kwa kuchagua hospitali ya dhehebu gani wangelitafakari hilo.

Neno lililotumika kumsifu Sa'd katika riwaya ni *maf'ud*. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751/1350) amelieleza katika Zad al-Ma'ad kuwa ni mtu aliyepatwa katika fuadi yake, kama vile *mabtun* alivyo mtu aliyepatwa tumboni. Na fuadi kwa Waarabu ni moyo, na pengine hutumika kwa sehemu iliyo jirani na moyo. Sisi Waswahili tuna mfano wake hasa. Twasema "chembe cha moyo" tukikusudia pale chini ya mfupa wa kifua, palipo mlango wa tumbo. Mtu akisema moyo unamuuma, huenda ana kiungulia, huenda ana huzuni, na huenda moyo wenyewe unakufa. Mchanganyo huu si wa lugha tu, bali umo katika maumbile. Shambulio la moyo mara nyingi huja kwa sura ya kubanwa au kulemewa katikati ya kifua, maumivu yakapanda kwenye taya au shingo, au yakashuka kwenye mkono, hasa wa kushoto, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu na pumzi kukatika. Lakini kwa baadhi ya watu, na zaidi kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu ya kifua huwa madogo au hayapo kabisa. Hubaki uchovu wa ghafla, kukosa pumzi na kile kinachodhaniwa ni gesi. Ndipo mgonjwa anapopewa maji ya tangawizi akalala, na asubuhi watu wanaitana msibani.

Sasa tuje kwenye kile ambacho historia ya Waislamu imekichangia katika kuujua moyo wenyewe. Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwani bila ya kulijua hili haifahamiki kwa nini dakika zina thamani.

Katika mafundisho ya Galeni, tabibu wa Kiyunani ambaye vitabu vyake vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, damu ilidhaniwa kuwa inapenya kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kupitia matundu madogo yasiyoonekana yaliyomo katika ukuta wa kati. Ibn Sina alifuata njia hiyo kwa kiasi kikubwa katika al-Qanun, na yeye ndiye mwenye risala mashuhuri juu ya dawa za moyo. Kisha akaja 'Ala' al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qurashi, maarufu kwa jina la Ibn al-Nafis. Alisoma tiba Damascus, akahamia Cairo, na alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imam Shafi'i kiasi cha kutajwa na al-Subki katika Tabaqat za Mashafi'i. Wanafunzi wa fiqhi wanaosoma makala hii wasilipite jambo hilo haraka. Huyu hakuwa tabibu aliyejifunza dini pembeni, wala shekhe aliyejifunza dawa za mizizi. Zilikuwa elimu mbili katika kifua kimoja, na kila moja ameifikisha mahali pake.

Katika sherehe yake ya sehemu ya viungo vya mwili katika al-Qanun, kitabu ambacho nakala yake moja imeandikwa tarehe ya mwaka 640 (1242), Ibn al-Nafis alikataa kabisa kuwepo kwa matundu yale. Akaeleza kuwa ukuta ni mzito na haupitishi kitu. Damu hutoka chumba cha kulia, ikaenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarejea chumba cha kushoto. Hii ndiyo inayoitwa leo safari ndogo ya damu. William Harvey wa Uingereza alichapa kitabu chake juu ya mzunguko mzima wa damu mwaka 1628, karibu karne nne baadaye. Maandishi ya Ibn al-Nafis yalilala makabatini mpaka mwaka 1924, pale daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyaandikia tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kutokana na nakala ya mkono iliyokuwa Berlin.

Hayo yanajulikana na yamekwisha semwa mara nyingi, wakati mwingine kwa majigambo yasiyo na faida. Lakini kuna jambo la pili katika kitabu hicho hicho ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalogusa maudhui yetu. Ibn Sina alikuwa ameona kuwa moyo hujipatia chakula chake kutokana na damu iliyomo katika chumba chake cha kulia. Ibn al-Nafis akapinga. Akasema moyo unalishwa na damu inayopita katika mishipa iliyotawanyika ndani ya mwili wa moyo wenyewe. Yaani moyo, pamoja na kuwa umejaa damu usiku na mchana, hauli katika damu hiyo inayopita vyumbani mwake. Mfano wake ni mpishi wa shughuli: masufuria yote yako mbele yake, na yeye mwenyewe anasubiri kuletewa sahani yake.

Mishipa hiyo midogo ndiyo inayoziba katika shambulio la moyo. Mafuta na uchafu hujijenga katika kuta zake kwa miaka. Siku moja utando hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa. Sehemu ya msuli wa moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule hubaki na njaa. Kiasi cha nusu saa tu inatosha kwa msuli kuanza kufa, na kufa huko huendelea kutoka ndani kuja nje kwa muda wa saa kadhaa. Msuli uliokufa haurudi. Mahali pake huwa kovu. Kwa hiyo mwenye kufika hospitali katika saa ya kwanza na mwenye kufika asubuhi ya pili, hata kama wote watapona, hawatakuwa na moyo mmoja. Mwenye kuchelewa hupanda ngazi tatu akahema, na husujudu akashindwa kuinuka.

Ibn al-Nafis alifariki Cairo mwaka 687 (1288), na nyumba yake na vitabu vyake akaviweka wakfu kwa hospitali ya al-Mansuri, iliyojengwa na Sultan Qalawun mwaka 683 (1284), ambayo mlango wake ulikuwa wazi kwa tajiri na fakiri, mwanamume na mwanamke. Imesimuliwa kuwa katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, naye akakataa kukutana na Mola wake na kitu hicho kikiwa tumboni mwake. Tumelitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kuwa kuishika tiba kwa nguvu ni dalili ya udhaifu wa tawakkul.

Kuna kisa kingine, nacho si hadithi bali ni habari ya kihistoria aliyoinakili Ibn Abi Usaybi'a (aliyefariki 668/1270) katika kitabu chake juu ya tabaka za matabibu. Tunakinakili kwa sharti hilo. Ibrahim bin Salih, binamu wa Khalifa Harun al-Rashid, aliugua sana. Tabibu wa Khalifa, Jibril bin Bukhtishu, akampa Harun habari kuwa mgonjwa atakufa usiku ule. Ja'far al-Barmaki akashauri apelekwe tabibu wa Kihindi aitwaye Salih bin Bahla. Mhindi akashika mapigo ya mshipa, akarudi akasema mgonjwa hatakufa, na akaapa kwa talaka za wakeze na kuachwa huru watumwa wake ikiwa atakufa usiku huo. Wakati wa Isha ikaja habari ya kifo. Harun akakasirika, akaitukana tiba ya Kihindi na watu wake. (Mafaqihi watauliza hali ya talaka zile, msimulizi hakuingia huko.) Kesho yake maiti ameshavikwa sanda, Salih akamlilia Khalifa asimzike binamu yake akiwa hai. Akaingia, akachukua sindano akaichoma baina ya ukucha na nyama ya kidole gumba cha mkono wa kushoto, na "maiti" akauvuta mkono wake. Akaamuru avuliwe sanda, aoshwe harufu ya hanuti asije akafa kwa fazaa atakapozinduka, kisha akampulizia puani kwa mivukuto unga wa mmea wa kumfanya mtu apige chafya. Haukupita muda mrefu Ibrahim akapiga chafya, akaketi. Akaishi baada ya hapo, akaoa, na akatawala Misri.

Anayetaka kukitilia shaka kisa hiki ana haki yake. Sisi tunachokiona ni kwamba mafaqihi, bila ya kutegemea kisa chochote, walikuwa na hadhari ile ile. Sunna ni kuharakisha maziko, na watu wetu wameishika vizuri. Ila haraka hiyo imefungwa na sharti la yakini. Ibn Qudama (aliyefariki 620/1223) katika al-Mughni ametaja alama zinazotazamwa pale hali inapotatiza: kulegea kwa miguu, kuachana kwa viganja, kupinda pua, kuvutika ngozi ya uso, na kubonyea kwa chamchela za uso. Kisha akasema kuwa aliyekufa ghafla, kama aliyepigwa na radi au aliyekufa kwa fazaa, asubiriwe mpaka kifo kiyakinike. Na Imam Shafi'i kabla yake alikwisha usia subira kama hiyo kwa aliyepigwa na radi, aliyezama na mfano wao. Tazama walivyotenganisha: anayekufa kitandani baada ya maradhi marefu hana shaka, anayeanguka ghafla ndiye mwenye shaka. Na mwenye kusimama moyo ni wa kundi hilo la pili.

Kwa karne nyingi faida ya hadhari hii iliishia kwenye kusubiri. Mtu aliyeanguka ghafla hakuwa na wa kumrudisha, isipokuwa Mwenyezi Mungu apende. Karne ya 20 ndiyo iliyobadilisha. Mwaka 1912 James Herrick, daktari wa Chicago, alionyesha kuwa kuziba ghafla kwa mshipa wa moyo si lazima kuue papo hapo, na kwamba mgonjwa anaweza kutambuliwa akiwa hai. Tiba ya wakati huo ilikuwa ni kulazwa majuma kadhaa tu. Mwaka 1947 Claude Beck, mpasuaji wa Marekani, aliurudisha moyo wa kijana kwa umeme, lakini kifua kikiwa kimepasuliwa. Mwaka 1960 watu watatu wa Baltimore, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kuwa moyo uliosimama unaweza kuendeshwa kwa kukandamiza kifua kutoka nje kwa viganja viwili. Kouwenhoven hakuwa daktari hata kidogo. Alikuwa mhandisi wa umeme, mzee tayari. Na hapo ndipo elimu hii ilipotoka mikononi mwa wapasuaji ikafika mikononi mwa mtu yeyote mwenye mikono.

Kisha akaja Frank Pantridge wa Belfast. Huyu aliona kuwa wengi wanaokufa kwa moyo hufa kabla ya kufika hospitali, na wengi katika saa ya kwanza. Basi akauliza swali jepesi: kwa nini mashine ya kushtua moyo iko wodini na wanaokufa wako majumbani? Mwaka 1965 yeye na wenzake walitengeneza mashine ya kuendeshwa kwa betri za gari, uzito wake kiasi cha kilo 70, na kuanzia mwaka 1966 wakaipakia kwenye gari la wagonjwa wakamfuata mgonjwa alipo. Tukilisoma hilo tunamkumbuka tabibu wa Ibn Tulun aliyeketi karibu na mahali pa kutawadhia. Ni fikra ile ile: tabibu amtangulie mgonjwa.

Mwaka 1988 yakatoka matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao ISIS-2, uliokusanya wagonjwa 17,187 wenye shambulio la moyo. Waliopewa aspirini, kidonge cha bei ndogo kinachouzwa kila duka la dawa, vifo vyao vilipungua kwa sehemu 23 katika 100 ndani ya majuma matano. Na waliochanganyiwa aspirini na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, vikapungua kwa sehemu 42. Leo njia bora ni kuufungua mshipa kwa puto dogo linaloingizwa kupitia mkononi au kwenye paja, na madaktari hujiwekea lengo la kufanya hivyo ndani ya dakika 90 hadi 120 tangu kukutana na mgonjwa. Ikiwa haiwezekani, hupewa dawa ya kuyeyusha. Zamani wagonjwa wengi wa moyo wa Tanzania walikuwa wakisafirishwa kwenda India. Kwa tundu la moyo la mtoto au vali iliyochakaa, safari hiyo ilikuwa na maana. Kwa mshipa ulioziba sasa hivi haina maana yoyote, kwa sababu hata visa haipatikani kwa dakika 90. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na huduma kama hizo zipo Nairobi pia. Aliye mbali na miji hiyo asikate tamaa: hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo na dawa ni bora kuliko nyumba yenye watu wengi wa kusoma.

Na hapa tuseme neno juu ya kusoma, lisije likafahamika vibaya. Ruqya ni Sunna na Qur'ani ni shifaa. Lakini hatujui popote ilipoandikwa kuwa sharti la ruqya ni mgonjwa alale nyumbani. Surat al-Fatiha husomwa ndani ya gari, na dua hujibiwa barabarani. Shekhe anayeitwa usiku kwa mtu aliyeshikwa na kifua, anatoka jasho na anatapika, jambo la kwanza analopasa kuwaambia watu wa nyumba ni kutafuta gari. Akisema subirini nimalize, au akianza kutafuta jini na kijicho, basi amejipa dhamana ambayo hana elimu yake. Na hadithi inayomdhaminisha anayetibu hali hajulikani kwa tiba imo katika Abu Dawud huyo huyo.

Ama hukumu ya tiba yenyewe, wanafunzi wanajua khitilafu zake. Wengi wa maulamaa waliotangulia waliiona ni ya halali au ya kupendekezwa, si wajibu, na kutoka kwa Imam Ahmad imepokewa kuwa kuiacha kwa tawakkul ni bora. Tatizo ni pale kauli hizi zinapotolewa vitabuni na kutumiwa mbele ya mgonjwa wa moyo. Kauli zile zilijengwa juu ya tiba ambayo faida yake ilikuwa ni dhana. Tabibu wa wakati huo alikuwa anakisia, na mara nyingi dawa ikadhuru. Mafaqihi hao hao hawakukhitilafiana kuwa mwenye njaa ya kufa na akaacha kula chakula kilicho mbele yake amepata dhambi, kwa kuwa faida ya chakula ni ya yakini. Kila tiba inavyosogea kwenye yakini, ndivyo inavyosogea kwenye hukumu ya chakula. Kwa hiyo Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 7 kilichofanyika Jeddah mwaka 1992, katika azimio nambari 67, liliamua kuwa tiba ni wajibu ikiwa kuiacha kutapelekea kupotea nafsi au kiungo, au ikiwa maradhi yanaambukiza. Na likaongeza jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua: katika hali ya dharura ambayo maisha ya mgonjwa yamo hatarini, tiba haisubiri idhini. Kaka mkubwa yuko safarini, mume hapatikani kwa simu, mjomba anataka kwanza aelezwe. Yote hayo hayamzuii daktari.

Baraza hilo hilo, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilizungumzia kifo chenyewe. Likasema mtu huhesabiwa amekufa ukisimama moyo wake na pumzi zake kusimama kikamilifu, na madaktari wakahukumu kuwa kusimama huko hakurudi. Au zikikoma kazi zote za ubongo wake kwa namna hiyo. Angalia sharti la kutorudi. Kusimama kwa moyo peke yake hakukuitwa kifo. Baina ya kusimama na kutorudi kuna dakika chache, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita. Kwa kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo, matumaini ya kuokoka hupungua kwa kiasi cha sehemu 7 hadi 10 katika 100. Kukandamiza kwenyewe si elimu ya siri: mgonjwa alazwe chali mahali pagumu, viganja viwekwe kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, ikandamizwe kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kusimama mpaka msaada ufike. Hujifunzwa kwa saa moja au mbili.

Je, ni nani anayewajibika kujifunza? Al-Ghazali (aliyefariki 505/1111) katika Ihya ameihesabu tiba kuwa ni fardhi ya kutoshelezana, na akalalamika kuwa miji haina matabibu wa Kiislamu ilhali watu wanasongamana katika fiqhi ya mijadala. Fardhi ya kutoshelezana ikikosa mtu wa kuisimamia, dhambi huwaenea wote wenye uwezo. Na Wamaliki wamekwenda mbali zaidi: Khalil (aliyefariki 776/1374) katika Mukhtasar yake amemdhaminisha anayeacha kuokoa nafsi inayoangamia ilhali anaweza. Sisi huku pwani ni Mashafi'i na hatufuati kauli hiyo katika dhamana, lakini hakuna madhehebu yanayomvua dhambi.

Masuala yanayobaki ni madogo, na huulizwa mara kwa mara. Mwanamume kumkandamiza kifua mwanamke asiye maharimu wake, au kinyume chake, inajuzu ikiwa hakuna mwingine anayejua aliye tayari pale pale. Wala hapana haja ya kwenda kumtafuta mwanamke ndani ya dakika hizo. Anayefunga akashikwa na kifua, anafungua na atalipa. Kile kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, Baraza la Fiqhi katika azimio lake nambari 93 la mwaka 1997 limesema hakifunguzi ikiwa mfungaji atajiepusha kumeza kinachofika kooni. Aspirini humezwa, hivyo inafunguza, na asiitafune mwenye mzio nayo au anayetokwa na damu. Mwingine asiiache kwa ajili ya saumu.

Na mtu akianguka ndani ya Swala? 'Izz al-Din bin Abd al-Salam (aliyefariki 660/1262), aliyeishi Cairo katika karne ya Ibn al-Nafis, ametaja katika Qawa'id zake kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya kutekeleza Swala, kwa kuwa maslahi mawili yanaweza kukusanywa: huokolewa anayezama, kisha Swala ikalipwa. Basi walio karibu na aliyeanguka wakate Swala zao mara moja, mmoja akandamize kifua, mwingine apige simu, wa tatu afungue njia ya gari na kuwatoa watu wasijazane. Hawasubiri imamu atoe salamu. Imamu na safu nyingine waendelee na wafupishe. Ikiwa ni Ijumaa, na wale waliokata wasiidiriki rakaa ya pili na imamu, wataswali Adhuhuri rakaa nne.